Wakuu mlioko Marekani, risasi za 9mm mnanunua wapi na kwa bei gani?

Mnyaki_DFW

Habari za jioni wakuu. Najua humu tumezoea kuulizana nauli za Desemba na kutuma hela nyumbani ila leo mnivumilie, nina swali la tofauti kidogo.

Niko Dallas mwaka wa sita sasa, grini kadi nimepata mwaka juzi, napiga shifti ya usiku kwenye ghala na shemeji yenu anabaki peke yake na watoto. Mwezi uliopita jirani tunayepakana naye ukuta walimvunjia mlango saa nane mchana, yani jua linawaka, watu wanapita. Basi mama watoto akasema bora tuwe na kitu ndani. Nikazunguka wiki mbili nikaishia kuchukua bastola ya Taurus G3C kwa dola 249 kabla ya kodi, maana Glock 19 kila nilipoulizia inacheza kati ya 500 na 600 na mimi kuna ada ya mdogo wangu Tukuyu inanisubiri.

Sasa kasheshe ni risasi. Nilidhani risasi ni kama soda, ukiingia duka hili au lile bei inapishana senti mbili tatu. Nikaanzia Walmart maana ndo duka letu la kila kitu, kwenye kabati la kioo nakuta za shotigani na za kuwindia tu, za bastola hamna hata boksi moja, mzee wa kaunta akanicheka akasema hizo tuliacha zamani kijana. Nikaenda duka kubwa la vifaa vya michezo, boksi la 50 ni 17.99. Kaduka ka jamaa mmoja pembeni ya barabara kuu, kampuni ile ile boksi lile lile, 13.99. Renji ninapofanyia mazoezi wanauza 22, ile ile! Onlaini nikaona kasha la 1,000 kwa 229. Nimebaki nimeduwaa, nani ananiibia hapa?

Alafu kuna jamaa kazini Mmarekani anasema ninunue nyingi sasa hivi kabla hazijaadimika, anasema 2020 watu walilala nje ya maduka. Ni kweli au ananitisha tu? Nisubiri zishuke au nijaze kabati?

La mwisho ni jambo dogo tu, kuna dogo wa mama mdogo anasoma hapa Arlington yuko na viza ya mwanafunzi, F-1, nae ameona yangu ameipenda anataka kama hiyo, duka limesema haliwezi kumuuzia kwa hiyo nilikuwa nafikiria nimchukulie mimi kwa jina langu atanirudishia hela. Hiyo haina shida si ndio? Nawasilisha.

Kifaranga_HTX

Hahaha mkuu umeenda Walmart kutafuta 9mm, umechelewa basi. Waliacha 2019 baada ya yale mauaji ya El Paso dukani kwao, mwezi wa tisa wakatangaza wakimaliza zilizopo stoo hawaleti tena za bastola wala zile za bunduki ndefu, .223 na 5.56. Bastola zenyewe walishaacha tangu 1993 isipokuwa Alaska, na bunduki za AR, zile zinazofanana na za jeshi, waliacha 2015. Kwa hiyo huyo mzee hajakudanganya.

Hilo la dogo sijui kama umelifikiria vizuri. Wacha wenye kujua waje.

MzeeWaColumbus

Kijana, nimekaa nchi hii tangu enzi za Clinton, nimewinda, nimepiga renji, nimenunua kwa bei ya kutupa na nimenunua kwa bei ya kijinga, kwa hiyo nisikilize.

Huyo jamaa yako wa kazini hajakutisha, alichosema kilitokea. Kabla ya corona boksi la 9mm la 50 nilikuwa nachukua dola 9 au 10 bila kufikiria, mara nyingine unakuta ofa ya 8. Ikaja Machi 2020 watu wakajifungia ndani, ikaja vurugu za kiangazi kile, ukaja uchaguzi, na watu ambao maisha yao yote hawajawahi kushika chuma wakaingia madukani siku moja. Mwaka ule ukaguzi wa rekodi za wanunuzi wa silaha uliofanyika kwenye mfumo wa serikali ulikaribia milioni 40, haijawahi kutokea kabla. Na katikati ya hayo hayo Remington, wale watengenezaji wa bunduki na risasi, wakafilisika kwa mara ya pili, kiwanda chao cha risasi kule Arkansas kikasimama mpaka kilipopata mwenyewe mpya.

Nikwambie nilichokiona kwa macho. Duka moja hapa Columbus linafungua saa tatu, mimi nimefika saa kumi na mbili na nusu na baridi ya mwezi wa kwanza nakuta watu kama thelathini mbele yangu, wengine na viti vya kukunja na chupa za chai kama wanaenda kuangalia mpira. Mlango ukafunguliwa, tukapanga foleni, kila mtu boksi moja tu. Nilipofika kaunta zimebaki za aina mbili, nikachukua 50 kwa dola 45. Dola 45! Nimetoka pale najiona mshindi, nimekaa kwenye gari ndo akili ikanirudia nikaanza kupiga hesabu, karibu senti 90 kila ukivuta kidole mara moja.

Nimefika nyumbani bibi yenu akaniuliza umenunua nini na asubuhi yote hiyo, nikamwonyesha kaboksi kadogo kama cha viberiti vikubwa. Hakusema neno. Alifungua friji akanionyesha hamna maziwa.

Na sikukoma. Wiki mbili baadae nikaingia onlaini nikachukua 1,000 kwa dola 720 maana nilisikia zitafika dola moja moja. Ilipofika 2023 zile zile unapata 240. Bado ninazo, karibu 600, kila nikifungua lile kasha naumia.

Ndo maana nakwambia ukinunua wakati watu wanakimbia utalipa bei ya mbio. Na mbio hizi hazikuanza na corona. Baada ya yale mauaji ya watoto wa shule ya Sandy Hook mwisho wa 2012 watu waliogopa serikali itakataza, za .22 zile ndogo za kufundishia watoto zikapotea madukani, sio miezi, ni miaka. Unaingia duka unaona rafu tupu na karatasi imebandikwa moja kwa mteja. Alafu 2016 Trump alipopita, hofu ikaisha watu wakaacha kununua, viwanda vikabaki na mzigo, bei zikaporomoka. Yani huku biashara ya silaha anayeogopewa akishinda inapanda, akishindwa inalala. Mimi nimeshaacha kufuatilia siasa kwenye runinga, naangalia bei ya 9mm inanitosha.

Mama_Wawili_Irving

Mnyaki mdogo wangu, salamu kwa wifi na pole yake na huyo jirani. Naomba uache kwanza bei usome hapa.

USIMNUNULIE DOGO. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ile fomu uliyojaza dukani, ile 4473, maswali yanaanza kwa kuuliza kama wewe ndo mnunuzi halisi. Ukiweka ndio wakati hela ni ya mtu mwingine na silaha ni ya mtu mwingine umedanganya serikali kuu kwa sahihi yako. Na tangu sheria ile iliyosainiwa Juni 2022 kumnunulia mtu hivyo kumepewa kifungu chake chenyewe, ni hadi miaka 15 jela. Sasa wewe ni wa grini kadi. Kosa la silaha kwa asiye raia ni tiketi ya kurudishwa nyumbani, hata kama umekaa miaka thelathini na watoto wamezaliwa hapa. Kwa bastola ya dola 249!

Na upande wa dogo ndo kubaya zaidi. Mwenye viza ya muda, F-1, J-1, ya kutembelea, sheria ya serikali kuu inamkataza KUMILIKI silaha NA risasi, hata risasi moja. Sio kununua tu. Maana yake hata ukimpeleka renji ukampa ashike yako apige kidogo mpige picha muweke status, nyote wawili mmeshaingia. Kuna mlango mdogo wa mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo, upo kisheria kabisa, ila mimi kama ni mwanangu ningemwambia umwone kwanza wakili wa uhamiaji uache kusikiliza watu wa mtandaoni, na mimi nikiwemo.

Duka lilipomkatalia halikumbagua, limemwokoa. Mwambie amalize shule.

Kingine, una watoto. Wangapi, wana miaka mingapi? Hapa Texas ukiiacha mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia ikiwa na risasi ni kosa lako wewe mzazi, lakini sheria ni jambo dogo kuliko kitakachotokea. Nafanya kazi hospitali, sitaki kuandika niliyoyaona. Kale kasanduku ka chuma ka kufungua kwa namba nimenunua dola 40 nimekapigia skrubu ndani ya kabati. Nunua hako kabla ya boksi la pili la risasi.

Mnyaki_DFW

Dada Mama Wawili asante, aisee nimesoma mara mbili mikono inatetemeka. Kiukweli sikujua. Naona watu wananunuliana tu kama simu, kuna mshkaji alinunuliwa na shemeji yake na hakuna kilichotokea ndo maana nikaona kawaida. Dogo nimempigia saa hii hii nimemwambia habari hiyo imekufa, amenuna lakini basi.

Watoto wawili, wa saba na wa minne. Sanduku sina. Kwa sasa iko juu ya kabati kwenye begi. Najua mtakachosema.

Mama_Wawili_Irving

Sisemi kitu. Kesho asubuhi ukitoka shifti pitia ununue.

Msee_wa_Minnesota

Wasee habari zenu. Mimi ni Mkenya niko huku kwa barafu, bastola sina na sina haja nayo, mimi ni mtu wa kuwinda, nilifunzwa na mzee mmoja wa kanisa hapa. Naona mnaongea 9mm tu wacha niwape side ya shotigani.

Duka kubwa hazijaisha hizi zetu, hata huko Walmart unapata. Boksi ya 25 za geji 12 za kulenga visahani ama ndege wadogo iko hapo kwa dola 9 ama 10. Lakini bata na bata bukini ni story ingine, huko hauruhusiwi kutumia risasi za madini ya risasi, nchi nzima tangu 1991, kwa sababu ndege walikuwa wanameza zile chembe kwa maji wanakufa. So unanunua za chuma, dola 18 mpaka 20 na kitu, na ukitaka zile za bismuth, madini mengine mazito, boksi ya 10 unaweza lipa bei ya kuku watatu wa kienyeji. Na bata mwenyewe ukimkosa amekwenda na hiyo doo.

Kitu nimejifunza ni kalenda. Ukienda dukani mwezi wa kumi wiki ya mwisho kutafuta za swara wa huku (deer), .308 ama .30-06, utapata rafu ina mapengo na kila mzungu yuko hapo na jaketi ya orenji, kwa sababu msimu wa bunduki unafunguka Novemba mwanzo. Mimi hununua mwezi wa pili ama wa tatu. Nobody yuko kwa hiyo kona, unapata hata za ofa. Ni kama kununua sweta Januari hapa, haiwezekani, nunua Juni.

bukavu_716

Bajamaa, nyie wa Texas muko mbinguni na hamujui. Mimi niko Buffalo, jimbo la New York. Huku kupata bastola lazima leseni ya kaunti kwanza, mimi nilingojea miezi mingi, barua, vidole, mafunzo, watu wanne wa kushuhudia tabia yako. Na risasi? Tangu mwezi wa tisa 2023 kila mara unanunua risasi, hata boksi moja, wanaita jimbo wanaangalia rekodi yako, na unalipa 2.50 juu ya bei kwa kuangaliwa tu. Kwa silaha ni dola 9. Na ile bei nzuri ya onlaini ya 229 mimi naiona kwa simu kama mtu anaona chakula kwa dirisha la hoteli, haiwezi kufika mlangoni kwangu, lazima ipitie kwa duka yenye leseni na duka nayo inataka yake.

Ile siku ya kwanza nilingoja pale kaunta nikifikiri ni dakika mbili. Mashini ikasema subiri. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, boksi yangu imebaki pale na jina langu kwa karatasi ya njano. Jina langu na la watu wengi wa kwetu zinafanana, nafikiri ni hiyo. Nikaipata nyuma ya siku mbili.

Kwa hiyo sasa sinunui boksi moja moja. Nikienda nachukua sita, ile 2.50 inagawanyika.

Kifaranga_HTX

@bukavu_716 pole mzee. California ndo wamewapita nyote, wameweka kodi ya jimbo ya asilimia 11 juu ya silaha na risasi tangu Julai 2024, hiyo ni mbali na ile ya serikali kuu.

fundi_maganda

Naona swali lenyewe la mkuu Mnyaki hamjalijibu, kwa nini boksi lile lile lina bei nne. Nitajaribu, mimi najaza maganda yangu mwenyewe gereji, yani yaliyokwisha pigwa nayafanya risasi tena, tangu 2014 kwa hiyo haya mambo nayala nayalala.

Kwanza acheni kuhesabu kwa boksi, hesabuni senti kwa risasi moja. Boksi la 17.99 ni senti 36. La 13.99 ni 28. La renji ni 44. La onlaini linaonekana ni 23, na hapa ndo watu wanaingizwa mjini, maana ile 229 ukiweka usafirishaji dola 20 alafu kodi ya 8.25 inafika kama 269.50, hiyo ni senti 27. Yule jamaa wa barabarani nae ukimwekea kodi boksi linakuwa 15.14, senti 30. Tofauti yao ni senti tatu. Sasa wewe ni mtu wa kujilinda nyumbani, utapiga renji labda risasi 100 kwa mwezi, utakuwa umeokoa dola tatu kwa mwezi kwa kuweka karibu 270 kwenye sanduku. Anayepiga 500 kwa wiki anunue makasha, wewe nenda kwa huyo jamaa wa 13.99 kila mwisho wa mwezi chukua mawili, dola 30 umemaliza. Kuna tovuti inaitwa AmmoSeek inapanga bei za maduka ya onlaini kuanzia ya chini, itumie kama kipimo cha kujua duka la mtaani kwako likoje, sio lazima ununue huko.

Hilo la renji kuuza 22 hawajakuibia, wanakuuzia uvivu. Ni kama maji ya uwanja wa ndege. Ila uwe makini, renji nyingi za ndani ukikodi bastola yao lazima utumie risasi zao, na ukija na zako wanazikagua. Mimi mwaka jana nilienda renji moja na boksi la zamani la Kirusi, dada wa kaunta hata hakusoma maandishi, alitoa kasumaku kadogo kekundu amekafunga kwenye kamba ya kitambulisho chake akakagusisha kwenye ncha ya risasi, kakaganda. Akanirudishia boksi akitabasamu, hizi hazipigwi hapa. Zile zina chuma ndani ya ganda la juu, zinaharibu ukuta wa nyuma na zinatoa cheche. Kwa hiyo kabla ya kununua rahisi muulize mwenye renji, na ukiwa na shaka beba sumaku ya friji ujipime mwenyewe.

Na hizo za Kirusi ndo sababu moja ya bei ya chini kutorudi ilipokuwa. Tula, Wolf, Bear, hizo ndo zilikuwa chakula cha maskini, ganda la chuma bei ya mwisho kabisa. Agosti 2021 Marekani ikatangaza kuzuia vibali vipya vya kuingiza kwa sababu ya ile sumu aliyopewa Navalny, mpinzani wa Putin, ikaanza kazi Septemba. Zilizobaki zikaisha taratibu. Vita ya Ukraine ilipokuja baruti nayo ikawa inagombaniwa, ile nitroselulosi inayotengenezea baruti ya kisasa ndo ile ile inayoenda kwenye mizinga, na jeshi likiitaka wewe wa Dallas unasubiri. Bei ya shaba mnaijua. Praima, kile kikombe kidogo kinachowasha, hapa Marekani wanaotengeneza kwa wingi kwa miaka mingi ni wanne tu, CCI, Federal, Remington na Winchester, na watatu kati ya hao tangu mwisho wa 2024 wako chini ya kampuni moja ya Kicheki, CSG, ambao wana na Fiocchi ya Italia. Kwa hiyo ukisimama mbele ya rafu ukaona majina kumi usidhani ni matajiri kumi wanashindana.

Ongeza na asilimia 11 ya serikali kuu iliyomo ndani ya bei tangu kiwandani, hiyo huioni kwenye risiti, ni sheria ya 1937 na hela yake inaenda kutunza wanyamapori. Yani hata wewe unayelinda mlango wako Dallas unamlisha swara wa Msee wa Minnesota.

Aina: za mazoezi chukua ganda la shaba 115 grein (huo ni uzito wa kichwa cha risasi), Blazer, Magtech ya Brazil, PMC ya Korea, chochote. Za kuweka nyumbani chukua holo pointi, zile zenye tundu kwenye ncha, boksi moja la 20 au la 50, ni ghali, dola moja moja au zaidi, usizipige zote ila piga hata magazini moja uhakikishe hiyo Taurus inazimeza bila kukwama. Unakuta mtu kanunua za gharama kaweka droo hajawahi kujua kama zinaingia.

Kujaza mwenyewe? Kwa 9mm usijisumbue. Praima peke yake sasa hivi inakula senti 7 hadi 9, weka baruti, weka kichwa cha risasi, umefika bei ya dukani na usiku wako umeisha. Mimi najaza za bunduki kubwa, na kwa kweli ni ugonjwa tu.

nipo_Tegeta

Nawasoma nikiwa Dar nacheka na kusikitika. Nyie mnagombana senti tatu, huku kwetu kuimiliki tu unaanza na barua ya mtaa, unaenda polisi, unapanda ngazi hadi unasahau uliitaka ya nini. Mjomba wangu ana gobole la kufukuzia ngedere shambani na lina karatasi nyingi kuliko kiwanja chake.

Swali, kwani wewe Mnyaki ukija likizo huwezi kubeba hata boksi moja kwenye begi kubwa?

Kifaranga_HTX

@nipo_Tegeta usimtume mwenzio ndani mkuu.

Ila umenikumbusha kitu. Kama una begi unalopelekea renji LISIWE begi la safari. Mimi nilikuwa na kale ka mgongoni kazuri, naenda nako renji naenda nako na kazini. Siku nasafiri kwenda kumuona mamdogo Atlanta nimefika kwenye mashine mtu wa usalama akasimamisha mkanda, akaniuliza hili begi la nani. Akaingiza mkono mfuko wa pembeni kabisa, kule kunakokaa pipi na kalamu, akatoa risasi MOJA. Moja tu, imeviringika kwenye risiti ya zamani. Nilisimama pale dakika arobaini naandikwa jina, jasho linanitoka na kiyoyozi kinapuliza. Hiyo ni safari ya ndani na mimi ni raia. Fikiria ingekuwa inafunguliwa Dar, mbele ya mama mkwe amekuja kukupokea.

MzeeWaColumbus

Hilo la begi ni kweli tupu. Na jaketi pia. Jaketi la kuwindia lina mifuko kumi na moja, nimeyahesabu.

Mnyaki swali moja, leseni yako ya udereva ina anwani ya sasa? Mwanangu alihama chumba tu, jengo lile lile mtaa ule ule, amefika kuchukua bunduki yake aliyokwisha lipia wakamwambia anwani haifanani leta karatasi ya serikali yenye anwani mpya. Ikabidi arudi na kadi ya usajili wa gari. Risasi huku hawakuulizi hayo, umri tu, 18 kwa za bunduki ndefu na 21 kwa za bastola, ila siku utakapotaka kubadilisha hiyo Taurus ujue.

Mnyaki_DFW

Wakuu nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi (sikuahidi ila narudi).

Jana nimetoka shifti saa kumi na mbili asubuhi nimekaa kwenye gari nje ya duka mpaka wakafungua. Sanduku la chuma la namba dola 36 na senti zake. Nimelifunga ndani ya kabati la juu, mama watoto ameweka namba mwenyewe na mimi ndo ameniambia, sio mimi nimemwambia yeye, kwa hiyo hapo mjue nani mkuu wa kaya.

Alafu nikapita kwa yule jamaa wa barabarani, zile za 13.99 zimekuwa 14.49, ndani ya siku tisa. Nikamuuliza mzee mbona zimepanda, akanyanyua mabega akasema msambazaji ndo amepandisha, kesho anaweza kushusha. Nimechukua mawili ya mazoezi na holo pointi za 20 kwa 21.99. Ukijumlisha na kodi imekuja 55.18, risiti nimeipiga picha nimeitunza. Sikujaza kabati, Mzee wa Columbus na zile 600 zako umenifunza.

Fundi nimebeba sumaku ya friji, ile yenye picha ya Mlima Kilimanjaro, nimegusisha pale pale kaunta, haikushika. Muuzaji akaniangalia, akaangalia Kilimanjaro, akaniuliza hiyo ni wapi. Tukapiga stori robo saa.

Dogo bado amenuna. Jumamosi nampikia makande.

Mama_Wawili_Irving

Ya pale juu ya kabati umeshaitoa kwenye begi au umenunua sanduku tu?

Mnyaki_DFW

Imo ndani dada. Na begi nimelikung'uta mifuko yote. Nimekuta risasi mbili na pipi ya mtoto.